Amplifaya ya kupigia jazz ukiwa Mtwara au Lindi: valvu, JC, Katana au hizi ndogo za kubeba begani?

Wakuu habari za huko. Swali la amplifaya ya jazz limerudi tena, safari hii limetoka kwa mdogo wangu mmoja wa Masasi, ana gita lake kopi ya Fender Stratocaster na hela ya korosho iko mkononi, anataka kujua achukue Fender ya valvu (zile taa za kioo kama za redio za zamani) aliyoona inauzwa Dar au Roland JC, yani Jazz Chorus, ya transista, au hizi Katana za Boss ambazo sasa hivi kila kijana anazo. Nimemjibu kwa simu ila salio likaisha kabla ya maelezo, so naandika hapa na wengine wasome, maana kila anayeuliza anaanza na "ina wati ngapi" na mimi wati naziweka mwisho kabisa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usinifuate mpaka chini ukidhani kuna siri nimeificha: kwa mtu anayeishi na kupiga huku kusini, amplifaya ya transista nyepesi ya volti 230 inamfaa kuliko valvu, na hiyo ni kwa asilimia kubwa ya wapigaji ninaowajua. Anayetaka valvu atanichukia ila asome kwanza.

Sauti ya jazz yenyewe sio ngumu kihivyo. Pikapu ya shingoni (ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, iliyo karibu na shingo ya gita), nobu ya toni kwenye gita ishushe mpaka nusu hivi, nyuzi nene kidogo, ukiweza funga zile za flatiwaundi ambazo kidole kikiteleza hazitoi mkwaruzo. Hapo nusu ya kazi imeisha na amplifaya bado hujawasha. Kazi ya amplifaya ni kuibeba hiyo sauti bila kuichafua. Jazz ina makodi, yani noti zinazopigwa pamoja, nne tano kwa mpigo, sasa amplifaya ikianza kukwaruza hata kidogo noti zinagombana zenyewe kwa zenyewe na msikilizaji hasikii kodi anasikia vurugu. Mtu wa roki hapo ndo anafurahi, wewe hapo umeshaharibu. Kwa hiyo kitu cha kwanza unachonunua ni nafasi, yani uweze kupandisha volyumu mpaka umfikie mpiga drams na sauti bado ni safi. Cha pili ni midi, zile sauti za katikati, kwa sababu gita la jazz linaishi pale pale katikati, besi nyingi inamwingilia mpiga besi na trebo nyingi inakata masikio.

Kuna imani kwamba bila valvu hakuna jazz. Wapiga gita wakubwa wa jazz wa Marekani wanaikanusha: Joe Pass kapiga miaka na miaka na Polytone ambayo ni transista tupu, kampuni aliyoianzisha mpiga akodiani anaitwa Tommy Gumina, na Wes Montgomery naye alitumia Standel ya transista. Charlie Christian kweli alikuwa na valvu, Gibson EH-150, lakini miaka ile ya 1930 ungenunua nini kingine? Basi hiyo hoja tuiweke pembeni.

Tuanze na mechi kubwa, Fender Deluxe Reverb na Roland JC. Deluxe ninayoongelea ni ile wanayotengeneza sasa kwa mfano wa 1965, wati 22, spika moja ya inchi 12, kilo kama 19. Nikiri kabisa, kwenye ukumbi mdogo, mpiga drams anatumia brashi badala ya vijiti, besi iko chini chini, hamna amplifaya tamu kama hii. Noti inatoka nene halafu inachanua taratibu, riverbu (mwangwi) yake ya springi ukiiweka kwenye 2 tu inatosha. Ila ina mambo yake. Nobu ya midi haina kabisa, ina trebo na besi basi, na hizi Fender za uso mweusi kiasili midi yake imechimbwa chini, ndo maana mtu anaweka kila kitu 5 afu analalamika sauti imekaa tupu. Dawa yake shusha besi mpaka 2, trebo 3 au 4, midi itapanda yenyewe. Afu ukiwa na pikapu za hambaka, zile za koili mbili zenye nguvu zaidi, ukaivusha volyumu 4 hivi inaanza kukwaruza, na mpiga drams wa harusi za kwetu hapigi brashi mnamjua, anapiga kama anadaiwa, kwa hiyo utaivusha tu.

Sasa uje kwenye matunzo. Ndani kuna valvu tisa. Zile mbili kubwa za 6V6 zinachoka na lazima zibadilishwe, na madukani Mtwara hazipo, Lindi ndo usiulize, utaagiza Dar na Dar nao wataagiza nje. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga tulikaa tunasubiri hata vitu vya kawaida tu, sembuse valvu. Na ndani ya hiyo boksi kuna volti zaidi ya 400 na zinaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kwa hiyo fundi redio wa sokoni hata kama ni mjomba wako usimpe aifungue kama hajawahi kuzishika hizi, hii sio utani, inaua. Ukipata fundi anayezijua mshike vizuri, mpigie simu hata siku ya Idi.

JC sasa. Mkubwa wao JC-120 alitoka 1975, transista, wati 60 mara mbili, spika mbili za inchi 12, chorasi ya stereo (athari inayofanya gita moja lisikike kama mawili) imejengewa ndani, na uzito kilo 28. Ukiwa na gari sawa. Ukiwa mtu wa bajaji kama mimi, kilo 28 plasi gita plasi waya plasi wewe mwenyewe, dereva ataomba hela ya watu watatu na ana haki. Ndo maana huwa nawaelekeza watu JC-40, spika mbili za inchi 10, kilo kama 16, au JC-22 ambayo ni wati 30 na kilo 12 hivi. Sauti ni ile ile ya familia. JC ni kama taa nyeupe ya duka la simu, inaonyesha kila kitu hata usichotaka kionekane, ukikosea inatangaza. Haikwaruzi, yani unapandisha na inabaki pale pale safi. Wengi wanaiona ya baridi na kali sana kwa jazz, na kweli ukiiwasha kama ilivyo ni kali, lakini zima ile swichi ya Brighti, trebo weka 3, besi 4, midi peleka 7, chorasi zima kabisa au iguse tu kwenye nyimbo za taratibu. Baada ya hapo mlete mtu wa valvu asikilize akiwa amegeuka, atasema "hii sio mbaya" na kwa mtu wa valvu hiyo ni sifa kubwa. JC-120 na 40 zina nobu ya distoshoni pia, iache pale pale ilipo.

Kingine kinachonifanya niipe JC huu mchezo ni maisha yenyewe ya huku. Nani Mtwara anakula kwa jazz peke yake? Wiki hii hoteli ya Shangani wana wageni wa bandari au wa gesi wanataka muziki wa chini wakila samaki, Jumamosi harusi Chuno, Jumapili kanisani, na msimu wa korosho ukifunguka Oktoba ndo unaitwa mpaka Tandahimba na Newala. Amplifaya ni hiyo hiyo moja. Na solo ya dansi inataka gita safi linalong'aa, ile mila ya kina Morogoro Jazz na NUTA Jazz, hapo unarudisha trebo, unawasha chorasi kidogo, watu wanainuka. Deluxe nayo inapiga rumba vizuri ila mbele ya drams na watu 400 uwanjani itaomba maiki mbele yake.

Bei: Deluxe mpya moja kwa bei za nje unapata Katana nne na chenji inabaki. JC-40 iko katikati hapo.

Na hiyo Katana je? Boss Katana 50, spika ya inchi 12, kilo chini ya 12, ina swichi ya nguvu unachagua wati 50, 25 au nusu wati, ina tundu la hedifoni. Ile nusu wati kwa mtu anayekaa nyumba ya kupanga Magomeni ya hapa Mtwara ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga ni neema. Sauti yake ya Kliini kwa jazz ni nzuri, sio nzuri sana, nzuri. Imekaza kidogo, noti haichanui kama Deluxe na haina ule ukweli wa JC, ukipiga polepole unaona inaisha mapema. Ila weka geini (nobu inayoongeza mkwaruzo) chini, madoido yote zima, midi pandisha, gita toni nusu, na kwa mtu aliyekaa meza ya tatu anakula pweza hakuna anayejua tofauti. Mtego wake ni kwamba ina vitu vingi, kijana anainunua apige jazz afu miezi inapita anachezea milio ya roki kwenye kompyuta. Na ikifa bodi ya kidijitali fundi wa kawaida hana la kufanya, unabadilisha bodi nzima. JC-120 za zamani ubao ni mkubwa, transista fundi anaziona kwa macho, zinatengenezeka.

JC-22 dhidi ya Katana 50 ndo swali linaloniumiza kichwa kidogo. Uzito ni karibu sawa. JC-22 spika zake ni ndogo, inchi 6.5 mbili, chumbani na hotelini inapendeza sana na ile chorasi inazunguka vizuri, lakini ukiwa na bendi nzima sauti ya chini inakosa mwili. Katana ina spika ya 12 inajaza. Mpiga peke yake au wawili na mwimbaji achukue JC-22, mwenye bendi achukue Katana, na sitabishana zaidi ya hapo.

Kuna hizi ndogo za watu wa jazz wenyewe. AER Compact 60 ya Ujerumani, wati 60, spika inchi 8, kilo 6.5, ilitengenezwa kwa magita ya akustika ila watu wa jazz wameipora. Henriksen Bud ya Marekani, wati 120 kwenye kiboksi cha kilo kama 8. DV Mark Little Jazz ya Italia, wati 45, kilo 7 na kidogo. Hizi unapanda nayo boda, gita mgongoni, boksi mapajani, umefika. Zimefungwa nyuma kwa hiyo sauti inakuja mbele imekaza, haijali umeiweka kona gani ya ukumbi, tofauti na Deluxe na JC ambazo mgongo uko wazi, ukiiegemeza ukutani sauti inabadilika. Kwa gita lenye tumbo wazi, zile akitopu, mimi ningechukua AER bila kufikiria, ina chaneli ya pili ya maiki kabisa mwimbaji anaingia humo humo. Shida ni mbili, bei ya AER na Henriksen ni ya kukaa chini kwanza, na kuzipata mpaka uwe na ndugu anakuja kutoka nje. Little Jazz ndo ya binadamu wa kawaida kwenye hilo kundi, na nikiulizwa amplifaya ya mtu wa hotelini tu, hiyo.

Hapa kuna mtu ataniambia kaka mbona unatuchosha, kanisani kuna spika ya muziki ya inchi 12 yenye amplifaya yake ndani, nachomeka gita naendelea. Usichomeke moja kwa moja. Pikapu ya gita inataka kuingia sehemu yenye upinzani mkubwa, kama megaomu 1, ukiichomeka kwenye tundu la laini la mikseri inazimika uhai. Na spika ya gita yenyewe kiasili inakata sauti za juu kuanzia kama hezi 5,000, wakati spika ya muziki ina twita, kile kispika cha sauti za juu, inapeleka mpaka juu kabisa, ndo maana unasikia kila mkwaruzo wa kucha. Ukiwa na pedali inayoiga amplifaya ukaiweka katikati, hapo sawa, na kusema ukweli kwa mtu ambaye ukumbi wake tayari una spika nzuri, pedali moja mfukoni ni akili kuliko kununua boksi lolote nililolitaja hapa. Sijui kwa nini watu wanaona aibu.

Za betri napita haraka. Roland Micro Cube GX, wati 3, betri ndogo 6 za AA, ya kufanyia mazoezi barazani umeme ukikatika. Cube Street EX ni wati 50 na betri 8 za AA, hiyo unavuka nayo kivuko mpaka Msangamkuu unapiga ufukweni bila jenereta, ina maiki pia. Sauti ya jazz ipo ya kutosha, usitegemee zaidi.

Sasa umeme, na hapa ndo hela za watu zinapotea. Sisi ni volti 230, hezi 50. Amplifaya za mtumba kutoka Japani ni volti 100, za Marekani 120. JC za Kijapani zinaingia nchini kwa bei inayovutia, na muuzaji anakufungia plagi ya pini tatu pale pale dukani anakwambia iko freshi. Plagi haibadilishi volti. Ukiichomeka inaungua. Geuza nyuma usome kibandiko, kama kimeandikwa 100V au 120V unahitaji transfoma ya kushusha, na uchukue yenye wati angalau mara mbili ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko, na hiyo transfoma nayo ina kilo zake utaibeba kila unapoenda. Jenereta za kwenye harusi volti inapanda na kushuka, stabilaiza sio anasa. Inveta za bei rahisi zinaleta mvumo kwenye gita, hasa pikapu za koili moja. Na nyumba nyingi waya wa ethi haupo au upo umekatika, gita linavuma, mtu anaona suluhisho ni kung'oa pini ya ethi kwenye plagi. Usifanye hivyo, mwite fundi umeme aweke ethi.

Chumvi pia, wa Shangani na Mikindani mnaijua, wa Nachingwea mnisamehe hii haiwahusu. Matundu ya jeki yanashika kutu, nobu zinaanza kukwaruza zikizungushwa. Nunua ile dawa ya kupuliza ya kusafisha kontakti, zungusha nobu zote mara kwa mara hata kama hupigi, na funika amplifaya kwa kitambaa cha pamba, nailoni inafungia jasho ndani.

Wati kama nilivyosema mwisho. Kutoka 22 kwenda 44 unaongeza desibeli 3 tu, masikio yanaona tofauti kidogo, kuisikia mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo mtu asikuuzie ya 60 badala ya 50 kwa laki mbili zaidi.

Mdogo wangu wa Masasi nimemwambia Katana 50, na hela inayobaki anunue seti mbili za flatiwaundi na amlipe fundi wa gita amrekebishie shingo maana lile gita nyuzi ziko juu kama kamba za kuanikia. Mwenye bendi ya kudumu na usafiri, JC-40. Mtu wa hoteli na boda, Little Jazz, akijaliwa AER. Deluxe mpe mtu mwenye nyumba yake, fundi wake, na valvu za akiba kabatini, atafurahi na mimi nitaenda kumsikiliza.

Ukienda Kariakoo kununua nenda na gita lako na waya wako, lile la dukani la milioni tatu litakudanganya. Toni ya gita nusu, pikapu ya shingoni, piga kodi kubwa ya chini ukiwa volyumu ya kati, sikiliza kama noti zote zipo. Afu pandisha volyumu mpaka muuzaji akunje uso, piga tena kodi ile ile. Kama imeanza kukwaruza hapo, na harusini itakwaruza. Mwisho acha kupiga, volyumu ya gita sifuri, sikiliza mvumo wake ikiwa imekaa tu, na kama duka zima lina kelele mwambie azime feni na redio kwanza.